Msiba Usio na Mfiwa

Mtoto akija likizo kutoka chuo cha udaktari na sanduku lenye kufuli, mama mwenzangu, muulize ndani kuna nini, na umuulize mpaka ajibu. Febronia wa Mlabani, hapa Ifakara, hakuuliza. Aliambiwa ni vifaa vya chuo, asiguse, akaona ndivyo wasomi wanavyosema, akalisukuma mwenyewe sanduku lile chini ya kitanda. Yaliyompata kwa sababu hiyo ndiyo haya.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu, mwezi wa nane, mpunga umeshaingia ndani na watu wana nafasi ya kufuatiliana. Binti yake Getrude alikuwa amemaliza mwaka wa kwanza katika chuo cha udaktari cha serikali kule Dar es Salaam. Febronia alizaa watatu, akabakiwa na huyo mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyemaliza jeshi la kujenga taifa akaenda moja kwa moja kusomea udaktari. Kwa hiyo usishangae kwamba kitabu chembamba cha chuo, chenye jalada la bluu, kilisomwa zaidi Ifakara kuliko Dar es Salaam.

Febronia aliishia darasa la saba, lakini kitabu kile alikijua kama katekisimu. Alijua kwamba chuo kilianza na vijana wachache sana, miaka ileile ya Uhuru, wakati nchi nzima madaktari wake wenyewe ungeweza kuwaketisha kwenye benchi mbili za kanisa. Alijua kwamba baadaye kilifanywa kitivo cha chuo kikuu, na kwamba mwaka juzi tu kimepandishwa kuwa chuo kikuu kishiriki, chenye mkuu wake. Alijua kwamba wa udaktari wa binadamu wanakaa miaka mitano, halafu mwaka mmoja wa kufanya kazi hospitalini chini ya wakubwa; kwamba wako pia wa meno, wa dawa na wa uuguzi; kwamba mwaka wa kwanza wanasoma mwili ulivyojengwa na unavyofanya kazi, na kwamba kuna majuma wanapelekwa vijijini kuangalia vyoo na visima. Siku za jumuiya, sala ikiisha, aliwasomea wenzake ukurasa mmoja mmoja, mpaka jirani yake Konsolata, asiyejua kuandika jina lake, akawa anawaambia watu sokoni kwamba wodini wanaanza mwaka wa tatu, si kabla.

Kitabu kiliandika yote hayo. Hakikuandika popote kwamba wanafunzi wanakuja likizo na mtu ndani ya sanduku.

Na Getrude naye hakusema. Alificha mambo mawili kwa mpigo. La kwanza, kwamba somo la mwili ulivyojengwa, lile wanaloliita anatomia, lilikuwa limemshinda, na alitakiwa kurudia mtihani wake mwezi wa tisa. Akilipita anaendelea mwaka wa pili. Akianguka au asipolifanya anaondolewa chuoni, na wenyewe wanaita kudisko, kama vile ni jambo la kucheza. La pili, kwamba alikuja na mifupa ya kujifunzia, mifupa ya mtu kweli, aliyoazimwa na idara yake kwa karatasi yenye muhuri. Alifunga mlango kila asubuhi akasema anasoma, na mama yake akawafukuza kuku dirishani wasimsumbue.

Juma la pili Febronia alimtuma Getrude kijijini Mchombe, kwa shangazi yake, kuchukua gunia la mchele. Siku tatu, nne. Ilikuwa Jumanne. Alhamisi asubuhi akaingia chumbani kwa mtoto kufagia, akaona njia ya udongo ya mchwa imepanda ukutani, imepita chini ya kitanda, imeingia kwenye sanduku. Hapo hakutaka kupekua. Alitaka kuokoa vifaa vya chuo. Alilivuta, akaliinua, na tako la sanduku likabaki sakafuni.

Vilivyoanguka vilianguka vyote mbele ya miguu yake. Fuvu, mbavu, mfupa wa paja mrefu kama mchi, mkono mmoja uliofungwa kwa waya vidole vyote. Na vilikuwa vimepakwa rangi, hapa nyekundu, pale bluu, na namba ndogondogo za wino. Rangi zile ndizo zilizomwondoa akili. Mfupa mtupu ungeweza kuwa na maelezo. Mfupa uliopakwa rangi nyekundu na bluu, chini ya kitanda cha binti ambaye hajaolewa, maelezo yake kila mtu wa bonde hili anayajua, na hakuna atakayesubiri ya kwako.

Angengoja siku mbili Getrude arudi, mambo yangeishia hapo. Kila mtu alimwambia hivyo baadaye, na wale waliomwambia kwa sauti kubwa zaidi ndio waliobeba majembe. Lakini alikuwa peke yake na fuvu, na mume wake Remigius alikuwa kwenye mashamba ya miwa kule juu, msimu wa kukata. Akamwita Konsolata. Konsolata akaangalia kutoka mlangoni, akajishika kichwa, akasema jambo hili ni la wanaume, na kabla Febronia hajamzuia alikuwa ameshafika kwa Barnaba.

Barnaba ni kaka mkubwa wa Remigius na kiongozi wa jumuiya yao, mtu wa Mahenge hasa, mwenye kofia asiyoivua ila kanisani na msibani. Aliingia chumbani, akaangalia, akavua kofia. Hakuuliza mifupa imetoka wapi. Alisema huyu ni mtu aliyebatizwa au asiyebatizwa, hatujui, lakini mtu hakai chini ya kitanda na mchwa. Febronia alisema labda tumngoje Getrude. Barnaba akamjibu kwamba mtoto aliyeletewa balaa na watu wa mjini ndiye wa kwanza wa kulindwa, na kwamba kufika jioni Mlabani nzima itakuwa inajua, kwa hiyo bora wajue maziko kuliko wajue sanduku.

Hilo lilimwingia. Mama ukiambiwa unamlinda mtoto, huulizi tena.

Walimzika saa tisa mchana, kwenye makaburi ya ukoo nyuma ya nyumba ya Barnaba, kwa sanda nyeupe na mkeka mpya. Hata hapo hapakukosa maneno. Wanawake waliomfunga walibaini kwamba ana mkono mmoja na mguu mmoja, na mbavu za upande mmoja, na Konsolata akataka kujua kama sala isomwe nzima au nusu. Barnaba akamwambia anyamaze, roho haigawanywi. Ilipofika saa ya kutupa udongo wa kwanza, walisimama wakitazamana, kwa sababu udongo wa kwanza ni wa mfiwa, na mfiwa hakuwepo. Barnaba akautupa mwenyewe kwa niaba ya asiyejulikana. Watu wakala ugali na maharage, wakaenda makwao wameridhika.

Getrude alirudi Jumamosi, gunia kwenye baiskeli ya kukodi, uso mweusi kwa jua, ana furaha. Alimwamkia mama yake, akaingia chumbani, akatoka.

"Mama, sanduku langu liko wapi?"

"Limeliwa na mchwa."

"Na vilivyokuwamo?"

Febronia alikuwa ameyapanga maneno yake siku mbili. Alitaka kuanza kwa kumpa pole, kisha amuulize taratibu ni nani aliyembebesha. Yote yakampotea. "Tumemzika," akasema. "Juzi. Vizuri tu, na sala."

Getrude alikaa juu ya gunia la mchele. Akacheka kidogo, kicheko kisicho na kitu ndani, halafu akauliza wamemzika nani.

"Wewe ndiye wa kutuambia," mama yake akasema.

Ndipo yote yakatoka, na yalitoka kwa machozi na kamasi, kama ya mtoto wa darasa la tatu, si mtu wa chuo kikuu. Mtihani alioanguka. Mtihani wa marudio, Jumatatu ya juma lijalo si hili. Treni ya Jumanne hii, ambayo asipoipanda hafiki kwa wakati. Mifupa ya kuazima, ambayo wanaikagua mmoja mmoja kwa karatasi kabla ya kuliweka jina lako kwenye orodha ya watahiniwa. Asiyerudisha, jina haliingii. Na rangi zile nyekundu na bluu, alieleza akijifuta, zinaonyesha mahali nyama zinaposhikilia, basi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Ningekataa, ungenieleza, ningelia, halafu ningelitia sanduku mafuta ya taa mchwa wasilipande. Sasa ona."

"Na wewe kwa nini hukunisubiri?"

Febronia akaingia jikoni kugonga masufuria.

Alikwenda kwa Barnaba jioni ileile. Alimkuta anakula, akangoja amalize, akaeleza yote, hata la mtoto kuanguka mtihani, ambalo lilimuuma kulisema kuliko la mifupa. Barnaba alisikiliza hadi mwisho. Akasema anamhurumia sana mtoto, lakini kaburi si kabati, huwezi kufungua kila ukisahau kitu. Febronia akamwambia hakuna aliyesahau, wamekosea. Barnaba akasema waliokosea ni waliomweka mtu sandukuni, waliomzika hawakukosea. Aliporudi nyumbani alikuta Getrude ameshatoka na karatasi yake kwenda kwa balozi.

Balozi wa nyumba kumi zao, mzee Hilari, siku ya maziko alikuwa shambani, na hilo la kuzikwa mtu bila yeye kuarifiwa lilikuwa limemkaa kooni. Basi alipoletewa karatasi yenye muhuri, yenye orodha ya mifupa kwa namba, alifufuka. Jumapili baada ya misa aliitisha watu uani kwa Barnaba, akaisoma karatasi ile kwa sauti tangu nembo mpaka sahihi. Kisha akawatazama mmoja mmoja.

"Mali ya serikali haizikwi," akasema. "Mmezika mali ya serikali bila kibali cha balozi. Mnajua hilo linaitwaje?"

Hakuna aliyejua linaitwaje, na nadhani hata yeye hakujua, lakini kila mtu akaanza kujitoa. Konsolata akasema yeye alileta maji tu. Mwingine akasema yeye alikuwa hata hamuoni vizuri, macho yake hayafai siku hizi. Waliobeba majembe wakaanza kuangalia paa la nyumba. Kwa muda mfupi Febronia alidhani imekwisha, kwamba mtu ataingia ndani, atatoka na jembe, na Jumanne mtoto atapanda treni.

Hakumjua shemeji yake. Barnaba alisimama, akaivaa kofia yake vizuri. Akasema balozi ni mkubwa wa nyumba kumi na serikali ni kubwa ya balozi, yeye hapingi. Kama ni mali, ni mali. Lakini mali hiyo ameshaisomea sala, imewekwa ardhini mbele ya watu arobaini, na kwao kaburi la mtu aliyesomewa halifunguliwi kwa amri. Linafunguliwa mfiwa akiomba. Akiomba mfiwa, yeye mwenyewe atachimba. "Sasa nionyesheni mfiwa," akasema. "Karatasi imetaja mfupa wa kidole kidogo. Imemtaja mama yake?"

Hilari aliigeuza karatasi nyuma, kana kwamba mama angekuwa upande ule.

Wakaanza kubishana. Mmoja akasema mfiwa awe mkuu wa chuo, atumiwe simu ya maandishi. Mwingine akasema chuo ni cha umma, kwa hiyo mfiwa ni umma. Hilari akaipenda hiyo, akasema yeye ndiye umma. Barnaba akamuuliza kama yuko tayari kukaa mkekani siku arobaini kwa niaba ya umma, na Hilari akasema ana mpunga wa kukoboa. Hivyo ndivyo wanaume walivyotumia saa moja na nusu ya Jumapili, na Getrude amesimama kwenye kona ya nyumba, amejikumbatia kama ana homa.

Febronia alimtazama mtoto wake. Aliikumbuka miaka yote ile ya kuuza vitumbua, karo na daftari, na kitabu cha bluu. Halafu akamtazama Barnaba, na hasira aliyokuwa nayo tangu Alhamisi, kwa mchwa, kwa mtoto msiri, kwa Konsolata mwenye mbio, kwa mume asiyekuwepo, kwa karatasi na kwa kofia, ikamfika mdomoni ikiwa imepoa.

"Mfiwa ni mimi," akasema.

Barnaba akamwambia asifanye mchezo.

"Sichezi, shemeji."

"Humjui. Hujui hata kama ni mwanamume au mwanamke."

"Getrude pia nilidhani namjua." Aliongea polepole, kama mtu anayechambua mchele. "Huyu nimemwokota sakafuni kwa mikono yangu, kimoja kimoja. Nimempangusa udongo wa mchwa. Nimemfunga sanda. Kama yuko mwingine aliyemfanyia zaidi ya hapo tangu afe, aje, nitampisha. Kama hayuko, ni mwanangu. Nimeshafiwa na wawili, najua mkeka ulivyo. Huyu ni wa tatu."

Barnaba alimtazama. Nafikiri alikuwa anatafuta mahali pa kukataa, na hakupaona, maana aliyataka mwenyewe. Akasema basi ajue analolichukua. Mfiwa hauzi vitumbua barabarani. Mfiwa haendi sokoni wala kisimani, hasindikizi mtu safari, hapigi kigelegele. Siku arobaini, kuhesabu tangu siku ya maziko, na arobaini yenyewe ni yake, na pombe yake, na ugali wake. Febronia akasema amesikia. Kisha, kwa kuwa sasa alikuwa na haki ya kusema, akasema kwamba yeye mama anaomba mwanawe afunguliwe, kwa sababu ana safari na dada yake, wanakwenda shule.

Wanawake walimtandikia mkeka hapohapo, na jioni wakauhamishia uani kwake. Konsolata alianza kulia, na alilia vizuri, kama mtu aliyekuwa anasubiri ruhusa.

Jumatatu asubuhi Barnaba alichimba mwenyewe, kwa neno lake, akinung'unika kila jembe. Walimrudisha marehemu uani kwa Febronia ndani ya mkeka wake. Getrude akatandika kanga, akaweka beseni la maji na mswaki wa zamani, akaanza kuosha mfupa mmoja mmoja na kuuangalia kwenye karatasi. Na kila akishika mmoja alitaja jina lake kwa sauti ya chini, jinsi walivyofundishwa.

Mama yake, kutoka mkekani, alisikia majina yale yakitoka vizuri, halafu akasikia moja halikutoka.

"Hiki je?" akauliza.

Getrude akasema anakijua, amekisahau tu.

"Basi ndicho watakachokuuliza. Lete hiyo karatasi."

Ikawa hivyo. Mfiwa haruhusiwi kupika wala kufua, lakini hakuna aliyewahi kutunga sheria kwamba mfiwa haruhusiwi kushika karatasi. Febronia aliisoma kwa shida, silabi kwa silabi, akaiinua mifupa juu mmoja baada ya mwingine, na Getrude akajibu. Wa bega, skapula. Wa mguu, tibia. Ule mwembamba unaoambatana nao, fibula. Akikosea, mama yake aliurudisha kwenye kanga, na baada ya mitano mingine akauinua tena bila kumwonya. Wanawake waliokuja kulia walikaa kusikiliza. Kufika saa tano walikuwa na maoni. Bibi mmoja alisisitiza kwamba ule mguu ni wa kulia wakati Getrude anasema wa kushoto, wakauzungusha, wakajipima kwenye magoti yao wenyewe, na ikaonekana bibi yuko sahihi. Febronia alitaka kulia. Siku saba kabla ya mtihani mtoto hajui kulia na kushoto.

Saa saba mchana likasimama lori la mpunga barabarani, akashuka Remigius, bado amevaa buti za kukatia miwa. Habari zilikuwa zimemfikia asubuhi kwa mpita njia. Neno lilikuwa limepita kijiji cha Sanje, limepita midomo mitano, na lilipomfikia lilibaki fupi: mke wako yuko mkekani, amefiwa na mtoto. Remigius ana mtoto mmoja. Alitoka kwenye shamba la miwa bila kuaga, na njiani alinunua sanda.

Aliingia uani nayo mkononi, kwenye karatasi ya duka. Aliona mkeka na wanawake waliofunga vitambaa. Aliona mke wake katikati, ameinua mfupa wa paja. Halafu akamwona Getrude amechuchumaa kwenye beseni, mzima, anasema, "Shikamoo baba."

Aliuegemea ukuta.

"Nani amekufa?" akauliza.

Walitazamana. Mwishowe Konsolata, ambaye kimya humuumiza, akasema, "Jina lake hatulijui, shemeji."

Remigius alielezwa na watu wanne kwa wakati mmoja. Alipoelewa, au alipochoka kusikiliza, aliiweka sanda juu ya kinu, akaenda nyuma ya nyumba. Alikaa huko muda. Febronia hakuweza kumfuata, maana mfiwa hainuki ovyo, na hilo lilimkera kuliko yote ya juma lile: mume wako amezunguka nyuma ya nyumba peke yake, na wewe umekaa kwa ajili ya mtu usiyemjua. Aliporudi alikuwa amenawa uso na macho yake yalikuwa mekundu. Hakumgombeza mtu. Aliuliza tu kama lile sanduku lake la bati litatosha, kwa sababu la mbao amesikia halipo.

Jumanne yeye ndiye aliyelibeba mpaka stesheni. Febronia aliagana na mtoto mkekani. Alimwambia ale, asiseme na wanaume kwenye treni, na afikapo kwenye mguu afikirie goti la yule bibi. Getrude akapiga magoti, akamshika miguu, akasema asamehewe. Mama yake akamwambia msamaha utakuja baada ya mtihani, sasa aende. Baadaye alisikia honi ya treni ya Tazara, na hakuweza hata kusimama mlangoni.

Zile siku zilizobaki sitazieleza. Fikiria wewe mwenyewe umekaa, vitumbua vyako vinauzwa na mwingine barabarani, unapewa pole na watu wanaojua kabisa kwamba hujafiwa, na kila Alhamisi shemeji yako anapita kuhakikisha umekaa. Na moyoni huna msiba, una mtihani. Anaulizwa sasa, anajibu nini, wameukagua mkono, hakikupotea kifupa kwenye udongo wa Barnaba.

Siku ya thelathini na nane Barnaba mwenyewe alileta barua kutoka sanduku la posta la parokia. Hakuondoka. Wanawake waliokuwa wanachambua mchele wa arobaini waliacha mikono ndani ya nyungo. Febronia alifungua, akasoma kwanza kimoyomoyo, midomo ikitembea. Getrude alikuwa amepita, kwa alama za kutosha tu, hakuna ya ziada. Mifupa ilikaguliwa ikatimia yote, na imeshapewa kijana wa mwaka wa kwanza. Yeye sasa ameingia mwaka wa pili, wameanza kusoma magonjwa yenyewe, na vingi vya kujifunzia, viungo vya watu, vinahifadhiwa kwenye chupa.

"Amepita," Febronia akasema.

Alisema kwa sauti ya msibani, kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo. Kigelegele kilimpanda, akaufunika mdomo kwa mkono. Barnaba alikuwa amesimama palepale anamtazama. Konsolata akaweka ungo chini, akatoka mpaka nje ya ua, barabarani, ambako hakuna msiba wa mtu, akapiga kigelegele kirefu mpaka watu wa dukani wakatoka. Barnaba akavua kofia, akaivaa tena, akasema yule mwanamke hajawahi kusikia la mtu. Hakumkataza.

Febronia aliomba kalamu. Alimwandikia mwanawe hongera, na salamu za wote walioko mkekani, na kwamba baba yake amerudi kwenye miwa. Chini yake akaandika: "Likizo ijayo, kabla hujapanda treni, niandikie unabeba nini, chupa au nini, na ni ya nani. Usiponiandikia, baki hukohuko." Akaikunja, akampa Barnaba aipeleke, akarudi kuketi vizuri, maana zilikuwa bado siku mbili.